Unasaka Msumeno wa Meza na Doh ni Kidogo? Pima Hizi Vitu Kabla Utume M-Pesa

Story huwa inaanza hivi kwa wasee wengi. Umejitengenezea rafu ya viatu kwa keja, ukaweka picha kwa status, mathe wa mlango wa pili akaitisha yake, halafu beste mwenye mlisoma naye akataka stendi ya TV. Sasa uko na oda tatu na msumeno wa mkono. Bega inalia, na kila ubao unatoka umepinda kama njia ya kwenda shags. Usiku uko kwa simu unaangalia misumeno ya meza, na unaona kuna za bei ya kukuua na kuna za bei ya kukufanya ujiulize hii imetoka wapi.

Wacha tukuambie mapema. Mashine ya bei ya chini inaweza kukufanyia kazi poa na ikurudishie doh yako. Lakini kuna vitu vitatu ambavyo hata ukiwa umesota aje usiruke: fensi inayofunga ikiwa imenyooka, kisu cha nyuma ya diski, na swichi ambayo haijiwashi stima ikirudi. Mashine ikiwa na hizo tatu, mengine utarekebisha pole pole. Ikikosa moja, hata ukipewa bure bado ni ghali, kwa sababu utailipia na vidole.

Soma hii yote kabla ya kutoka kwa nyumba.

Jua sehemu zake kwanza

Ukiingia dukani bila kujua majina, muuzaji atakuuzia rangi. Kwa hivyo:

Diski ndiyo ile sahani ya chuma yenye meno, inatokea katikati ya meza. Kwa mashine za nyumbani mingi ni ya inchi 10, yaani milimita 254.

Fensi ni chuma kirefu kinachosimama kando ya diski. Mbao yako inaegemea hapo ukiipasua kwa urefu, ndiyo itoke na upana sawa mwanzo hadi mwisho.

Kisu cha nyuma ni kibati chembamba kinachosimama nyuma tu ya diski, kinapanda na kushuka pamoja nayo. Kinaingia kwa ule mwanya diski imekata na kuzuia mbao isijifunge tena.

Gadi ni kifuniko cha juu ya diski, mara nyingi cha plastiki ya kuonekana ndani.

Kipimo cha pembe kinateleza kwa mfereji ulio kwa meza. Hiki ndicho unatumia kukata mbao kwa upana, si kwa urefu.

Kijiti cha kusukumia ni kile kipande cha kumalizia kusukuma mbao ndiyo mkono usifike karibu na meno.

Unauhitaji kweli?

Usikasirike na hili swali. Msumeno wa meza una kazi moja ambayo hakuna kingine kinaifikia: kupasua mbao kwa urefu, upana ule ule, mara ishirini bila kuchoka. Kama kazi yako ni fremu, droo, rafu na stendi, hapo ndipo inakulipa.

Lakini kama unacheza sana na plaiwudi na MDF, fikiria tena. Shiti moja ni futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Mashine ndogo ya kukaa juu ya meza haiwezi kubeba shiti nzima. Utakuwa unaishikilia kwa tumbo, inapinduka, na hapo ndipo noma huanzia. Maduka mengi yanayouza hizo bodi Nairobi yako na mashine kubwa ya kukata, unaenda na vipimo vyako wanakukatia. Na timber yadi mingi, kuanzia Gikomba hadi ile ya mtaani kwenu, watakupasulia na kukupigia randa, unalipia hiyo kazi tu.

Njia ya katikati ni msumeno wa stima wa kushika mkono, ule wa mviringo. Ukiufungia ubao ulionyooka kama reli kwa klempu mbili, utakata shiti nzima ikiwa imelala chini, na ni rahisi kuliko msumeno wa meza. Kama oda zako ni moja kwa mwezi, anzia hapo. Hakuna aibu.

Ukiona bado unahitaji meza, twende kazi.

Aina tatu utapata huku kwetu

*Mpya, ndogo, ya kubeba.* Hii ndiyo iko kwa maduka ya vifaa na kwa programu za kuuza vitu. Mota yake ni ya kaboni, inapiga kelele, lakini ina nguvu kwa saizi yake. Wati 1,500 hadi 2,000 hivi. Uzuri wake ni kwamba inakuja na gadi, kisu cha nyuma na risiti. Ubaya ni kwamba fensi kwa zile za bei ya chini huwa nyepesi, na meza ni ya alumini au bati. Kwa mtu anaanza kwa keja, hii ndiyo tungekuambia uangalie kwanza.

*Mitumba ya majuu.* Hapa unaweza kupata mashine nzito ya ukweli, lakini soma kibandiko cha mota kabla ya kitu kingine. Kenya stima yetu ni volti 240 na hezi 50. Mashine ya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka hivyo hivyo kwa ukuta itakufa hapo hapo na moshi. Itabidi ununue transfoma, na kwa mashine ya wati 1,800 unataka transfoma ya kama VA 3,000. Hiyo ni doh nyingine, na kama mota haina kaboni, hezi 50 itaifanya izunguke pole kuliko ilivyotengenezwa. Za Uingereza nazo zina mtego wake: vifaa vingi vya mjengo huko ni vya volti 110, na utavijua kwa plagi ya manjano ya mviringo. Ukiona hiyo manjano, piga hesabu ya transfoma kabla ya kusema bei ni poa.

*Jua kali.* Fundi wa welding anachomelea fremu ya chuma, anaweka mota, mshipi na diski kubwa. Ziko na nguvu na zinaishi miaka. Timber yadi mingi zinatumia hizi. Tatizo ni kwamba mingi zinatoka bila gadi, bila kisu cha nyuma, na mshipi uko wazi. Lakini ukiwa na fundi mwenye anasikia, mwambie akuchomelee kisu cha nyuma na afunike mshipi. Ni kipande cha bati na nusu siku. Akikataa akisema hakuna mtu hutumia hiyo kitu, tafuta fundi mwingine.

Ukienda na jua kali, uliza kama mota ni ya fezi moja au fezi tatu. Mota ya fezi tatu utaipata kwa bei tamu sana, lakini soketi ya nyumba yako ni fezi moja. Utabaki na chuma ya kuwekelea sufuria.

Stima, tokeni na landi wako

Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 240, hiyo ni kama wati 3,120 ukizidisha. Mashine ya wati 1,800 inakula ampea 7.5 hivi ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zote, kwa hivyo soketi itaibeba. Lakini mota ikiwaka inavuta zaidi kwa sekunde ya kwanza. Usiichomeke pamoja na kettle na aini kwa ekstensheni moja.

Na hiyo ekstensheni, tafadhali, isiwe ile nyembamba ya kuchaji simu. Angalia waya iwe angalau milimita mraba 1.5, na kama ni ndefu nunua ya 2.5. Ukitumia ile ya kukunja kwa kibuyu, ifungue yote. Waya iliyokunjwa inapata moto, plastiki inayeyuka, na ploti nzima inajua jina lako.

Mota ya zaidi ya hospawa 2 usiichomeke kwa soketi ya kawaida. Ita fundi wa stima akuvutie laini yake na swichi yake.

Tokeni nayo si ya kuogopa sana. Wati 1,800 kwa saa nzima bila kupumzika ni yuniti 1.8, na hakuna mtu hukata saa nzima mfululizo. Kinachokuletea shida ni kelele. Hii mashine inafika karibu desibeli 100, na kuanzia 85 kwenda juu masikio yanaanza kuharibika ukikaa hapo siku nyingi. Kenya iko na kanuni za kelele za tangu 2009, na jirani mwenye mtoto mchanga hahitaji kuzisoma ndiyo akuitie landi. Ongea na watu wa ploti kabla, chagua masaa ya mchana, na kama huna nafasi, kodisha kona kwa fundi mwenye tayari ana kibanda.

Vitu vitatu vya kukataa kukosa

*Moja: fensi iliyonyooka.* Meno ya mbele ya diski yanashuka chini kwenda kwa meza. Ya nyuma yanapanda juu, na yanakuja upande wako. Kama fensi imepinda ikaingia ndani kwa upande wa nyuma, mbao inabanwa kati ya fensi na hayo meno yanayopanda. Diski inaishika na kukurushia. Mafundi wanasema mashine imepiga teke. Diski ya inchi 10 ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, jino linaenda kilomita 230 kwa saa. Hakuna mathree ya Thika Road imewahi kufika hapo. Mbao inayotoka na hiyo kasi inavunja mbavu, na mkono uliokuwa unasukuma unabaki ukianguka mbele, kwa diski.

*Mbili: kisu cha nyuma.* Hapa Kenya hii ni lazima kuliko majuu, na sababu ni mbao zetu. Saipresi na paini mingi tunanunua zikiwa bado mbichi. Mbao mbichi ikipasuliwa inajikunja, ule mwanya unajifunga na kuikaba diski kutoka nyuma. Kisu cha nyuma ndicho kinaushikilia ukiwa wazi. Wauzaji wengi wa mitumba watakuambia kilitolewa kwa sababu kilikuwa kinasumbua. Kilikuwa kinasumbua nani? Kama hakipo, uliza kama kinapatikana. Kama hakipatikani, endelea na safari.

Kuna kipimo kidogo hapo: kisu kiwe kinene kuliko mwili wa diski, lakini chembamba kuliko upana wa meno. Kikiwa kinene kuliko meno, mbao itakwama. Kikiwa chembamba sana, hakifanyi kazi.

*Tatu: swichi isiyojiwasha.* Hii ni ya sisi wa blackout. Unakata, stima inapotea, unakasirika, unainama kutoa kipande kilichokwama. Stima inarudi. Kama swichi ni ile ya kawaida ya juu na chini kama ya taa, diski inawaka na mkono wako uko hapo. Swichi nzuri ikikosa stima inajizima yenyewe na haiwaki hadi uibonyeze tena. Mara nyingi ni vibonyezo viwili, kijani na nyekundu, na ile nyekundu ni kubwa.

Majuu kuna mashine inayohisi ngozi na kusimamisha diski kwa kama milisekunde 5. Mmarekani mmoja, Steve Gass, aliivumbua 1999 na akawa anaionyesha watu kwa kutumia soseji. Ni teknolojia moto, lakini mashine ya bei yetu haina hiyo. Huko kwao Marekani, hesabu ya serikali ni kama watu 30,000 kwa mwaka wanaoenda hospitali baada ya kuguswa na diski ya msumeno wa meza. Breki yako wewe ni vile vitu vitatu pamoja na tabia.

Dakika kumi za kupima

Beba tepu, skwea, kalamu ya maki, shilingi ishirini ya sarafu na kipande cha mbao. Muuzaji akisema hakuna kupima, umeshapata jibu. Hatua ya 1 hadi ya 6, plagi iwe nje ya soketi na uishike wewe mwenyewe.

1. Shika diski na uitikise kushoto na kulia. Isicheze. Ikicheza, beringi zimeisha au shafti imepinda.

2. Izungushe polepole kwa mkono. Isikwaruze popote, na isiyumbe kama sahani ya plastiki iliyowekwa juani.

3. Weka maki kwa jino moja. Lilete mbele na upime kutoka hapo hadi kwa mfereji wa meza. Lizungushe hadi nyuma na upime tena, jino lile lile. Tofauti isizidi nusu milimita. Ikizidi, uliza kama kuna bolti za kurekebisha. Kama hakuna, achana nayo.

4. Funga fensi, upime umbali wake hadi kwa mfereji mbele na nyuma. Ziwe sawa. Ikibidi kuwe na tofauti kidogo, nyuma ndiyo iwe pana. Nyuma ikiwa nyembamba, hapo ndipo teke linatoka. Ifungue na uifunge mara tatu, upime kila mara. Fensi inayofunga tofauti kila siku itakuua polepole.

5. Fensi ikiwa imefungwa, isukume na kidole kwa ncha ya nyuma. Ikihama, hapana.

6. Weka skwea kwa meza, iegemee diski. Isimame nyuzi 90 bila mwanga kupita. Inamisha diski hadi 45 na uirudishe. Ikirudi kwa 90 yenyewe, poa. Laza pia upande wa skwea juu ya meza uone kama kuna bonde.

7. Sasa chomeka, simama kando, washa. Sikiliza. Kelele iwe moja inayoendelea, si ya kugonga gonga. Cheche kidogo kwa mota ya kaboni ni kawaida, moto wa kuzunguka mota nzima si kawaida. Ukinusa kitu kinaungua, zima.

8. Ikiwa imewaka, chomoa plagi kwa ukuta bila kugusa swichi. Ngoja diski isimame kabisa, halafu chomeka tena. Ikijiwasha yenyewe, hiyo swichi inabadilishwa kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na bei inashuka.

9. Jaribu la mwisho ni la sarafu. Shusha diski yote chini ya meza, laza kile kipande cha mbao kati yake na kona ya meza ndiyo sarafu isiviringike kwenda katikati. Washa, ngoja mota itulie, halafu simamisha ile shilingi ishirini kwa kona. Ndiyo, unasimamisha mbao juu ya mashine ya mbao. Ikisimama, umepata almasi. Ikianguka, usikate tamaa, mashine ya mota ya kaboni mingi itaiangusha. Lakini ikiruka ruka na kutembea, kuna kitu kimelegea huko ndani.

Na kama ni mitumba, kutana na muuzaji mchana, mahali kuna stima. Usitume deposit ya kushikilia kitu hujaona. Uliza risiti au hata meseji ya zamani ya kununua, na piga picha ya namba ya mashine. Kupatikana na mali ya wizi ni kesi, na kusema uliitoa online haikutoi seli.

Diski ndiyo nusu ya mashine

Hii ndiyo siri ambayo wasee wengi wanajua kama wameshapoteza doh. Mashine ya kawaida na diski nzuri inakata safi kuliko mashine ghali na diski butu. Ile inayokuja na mashine ya bei ya chini mara nyingi ni ya kuanzia tu.

Idadi ya meno inakuambia kazi. Meno 24 ni ya kupasua kwa urefu, haraka. Meno 40 ni ya kila kitu. Meno 60 hadi 80 ni ya plaiwudi na kukata kwa upana bila kung'oa nyuzi. Ukiwa na doh ya moja tu, chukua ya 40 yenye ncha za kabaidi.

Angalia tundu la katikati. Kuna la milimita 30, kuna la 25.4, kuna la 16 hivi. Liwe sawa na shafti yako. Usiendeshe diski yenye tundu kubwa ukiwa umeijazia tepu. Na soma mzunguko wake: namba iliyoandikwa kwa diski iwe juu kuliko ya mashine.

Halafu, maze, zile diski za mbao za kufunga kwa grainda, wacha. Grainda ndogo inafika mizunguko 11,000 kwa dakika na haina fensi, haina kisu cha nyuma, haina chochote. Ikishika mbao inakuja kwa uso.

Gawa bajeti hivi

Tuseme umejichanga una 40 thao. Usitafute mashine ya 40 thao. Tafuta ya 30 au chini, na ile robo iliyobaki inunue diski ya pili, ekstensheni ya nguvu, miwani ya kazi, vifuniko vya masikio na maski ya ukweli. Maski si mapambo: shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vumbi la mbao kwa kundi la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1995. Ile ya kitambaa ya enzi za Corona haitoshi, tafuta ya N95 au FFP2. Kama unakatia ndani ya keja yenye unalala, vumbi litalala na wewe.

Glavu usinunue za hii kazi. Diski ikishika uzi wa glavu inavuta mkono wote. Hivyo hivyo kamba za hudi, bangili, na dredi zisizofungwa.

Ukifika nayo home

Ifunge kwa meza au stendi yake na bolti. Mashine inayotembea ni mashine ya kukuumiza. Inua diski ipite mbao kidogo tu, kimo cha jino moja hivi. Simama kando ya diski, usisimame nyuma yake moja kwa moja. Mbao iegemee fensi au kipimo cha pembe, kimoja kati ya hivyo viwili. Kukata kwa kushika na mkono tu, hapana. Kutumia vyote viwili pamoja kukata kipande kikabaki kimenaswa katikati, pia hapana. Mkono usifike kiganja kimoja karibu na diski, hapo ndipo kijiti cha kusukumia kinachukua kazi.

Mbao za mjengo zilizotumika zina misumari. Zikague na sumaku kabla. Na mbao mbichi ipe wiki kadhaa ikauke kwa kivuli, ikiwa imepangwa na vijiti katikati ndiyo hewa ipite. Tangu serikali ipige marufuku ukataji kwa misitu ya umma 2018 hadi ilipofungua tena 2023, watu walizoea kuchukua chochote kilichopatikana. Wewe chagua.

Ikitokea noma

Hatutaki, lakini jua. Zima, bonyeza kidonda na kitambaa safi kwa nguvu, inua mkono juu ya moyo. Kama kidole kimetoka, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiweke kwa mfuko wa plastiki, na huo mfuko ndio uweke juu ya barafu. Kidole kisiguse barafu. Kimbia hospitali kubwa. Mwaka wa 2018 madaktari wa Kenyatta walirudishia kijana mkono uliokatwa na mashine ya kukata nyasi, kwa hivyo muda na kubeba vizuri vina maana.

Kumbuka pia hii. Sheria ya fidia ya kazi ya 2007, ile watu wanaita WIBA, ni ya mtu aliyeandikwa kazi na mwingine. Wewe wa keja unajiandika mwenyewe. Hakuna bosi wa kukulipa kidole. Hakikisha hata SHA yako iko sawa kabla ya kuwasha mota.

Sasa chukua tepu, skwea na ile shilingi ishirini, uende ukapime. Ukipata moja imepita majaribio yote na bei iko fiti, lipa. Ukipata imeshindwa hatua ya nne lakini muuzaji anakuharakisha eti kuna mtu mwingine anakuja jioni, mwachie huyo mtu mwingine. Mathe wa mlango wa pili atangoja rafu yake wiki moja zaidi, na wewe utamletea ukiwa na vidole kumi.